Raundi ya Thelathini na Moja

Kwa miaka thelathini na miwili alitunza bohari ya hospitali, na siku aliyostaafu walihesabu kila kitu, kuanzia mashuka hadi vijiko vya dawa, hakikupungua hata kimoja. Wenzake walimpa jina la Mama Sahihi. Walilitoa kwa utani, yeye akalipokea kama cheo.

Mumewe alikuwa fundi saa. Kibanda chake alikifunga mwaka juzi, mikono ilipoanza kutetemeka. Si kutetemeka kwa kumwaga chai. Ni kidogo tu, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya baridi. Lakini skrubu ya saa ya mkononi ni ndogo kuliko punje ya mtama, na haina huruma. Alikaa nyumbani miezi mitatu akiutazama ukuta. Mwezi wa nne akatangaza wakati wa chakula kwamba ataunda redio.

"Redio tunayo," alisema Mama Sahihi.

"Hiyo inasikiliza tu. Ninayotaka mimi inasikiliza na kujibu."

"Ya kusikiliza na kujibu unayo pia. Umeioa."

Mzee hakuwa anatania. Alitaka redio ya mawasiliano, ile ambayo mtu akiwa chumbani kwake anazungumza na wenzake walio mbali, bila laini ya simu wala mtandao. Sauti inapanda kwenye antena na kwenda zake. Ili aruhusiwe, alifanya mtihani wa serikali. Akafeli mara tatu, akapita ya nne. Akapewa leseni na masafa ya kuongelea: kati ya megahezi saba na saba nukta mbili. Chini ya hapo kuna wenyewe, juu ya hapo kuna wenyewe. Kisha akaigeuza meza ya chakula kuwa karakana, na kwa miezi kumi na minne familia ikala sahani ikiwa mapajani.

Sheria ilikuwa wazi. Mtambo uliotengenezwa nyumbani lazima ukaguliwe kabla haujatoa sauti hewani. Mwenye leseni anapewa nafasi tatu. Akishindwa ya tatu, leseni inafutwa na anarudi kwenye mtihani.

"Sitaurudia," fundi saa alisema. Alikuwa na miaka sitini na tisa. "Yale maswali yalikuwa magumu nilipokuwa bado kijana wa sitini na saba."

Nafasi mbili zilikuwa zimekwisha kwenda. Mara zote mbili mita ya mkaguzi ilisoma sita nukta nane saba, na mara zote mbili fomu ilijazwa neno moja tu, refu kidogo kuliko "hapana".

Sasa, kulikuwa na suala la koili. Koili ni waya mwembamba wa shaba unaozungushwa kwenye pete ndogo nyeusi, ukipita ndani ya tundu na kurudi nje, raundi baada ya raundi. Mtambo ulihitaji koili sita. Ya kwanza fundi saa aliijaribu mwenyewe siku mbili nzima. Waya ukaruka, ukafungana, ukakatika. Siku ya pili jioni aliiweka pete mezani na kusema bila kumtazama mkewe:

"Wewe unafuma vitambaa."

Hakuomba. Aliutaja tu ukweli huo, kama mtu anayesema nje kuna mawingu. Mama Sahihi akavuta kiti.

"Raundi ngapi?"

"Hii kubwa thelathini. Za zile tano zimeandikwa kwenye karatasi."

"Lete hapa."

Alizimaliza zote sita asubuhi moja, waya umelala ubavuni mwa waya, usingepitisha hata unywele. Mumewe alizipokea kwa mikono miwili. Hakuzihesabu.

Kutohesabu huko kuna historia yake. Mwaka wa pili wa ndoa, katika sherehe ya nyumbani, Mama Sahihi alisema vikombe ni arobaini na vinane, na bwana huyu akaenda jikoni kuvihesabu upya. Vilikuwa arobaini na vinane. Siku nne nyumba ile haikusikia sauti ya mwanamke. Tangu hapo fundi saa alipima kila kitu duniani isipokuwa kilichokwisha kuhesabiwa na mkewe. Kwa hiyo mtambo uliposhindwa mara ya kwanza, alishuku betri. Uliposhindwa mara ya pili, alishuku lehemu, joto, muuza vifaa, na hata dada yake mwenyewe, ambaye alikuja kutembea akaweka mkoba juu ya meza.

"Na koili je?" mwana wao aliuliza siku moja kwenye simu.

"Koili kazitengeneza mama yako."

"Ahaa," alisema mwana, akauliza habari za mvua.

Ukaguzi wa tatu ulipangwa Alhamisi, saa nane mchana. Jumanne asubuhi fundi saa alikuwa nje juu ya ngazi, akiisema antena isiyo na kosa. Mama Sahihi alikuwa barazani akimfundisha mkwe wake, mke wa mwanawe, kufuma kofia ya mtoto.

"Unaanza na kitanzi. Hicho cha kwanza usikihesabu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu cha kwanza ni cha kushikilia tu. Hesabu inaanza na kinachofuata. Ndivyo kufuma kulivyo."

Mkwe akafuma viwili, akafumua kimoja. Kisha akauliza, bila nia mbaya, maana nia mbaya hakuwa nayo kabisa, "Na zile pete za baba, ulianza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Waya wa shaba na uzi vina tofauti gani?"

"Kumbe."

Mama Sahihi aliendelea na mstari wake. Mkono ukapunguza mwendo. Ukasimama. Aliinuka, akaingia ndani, akaichukua ile karatasi ya maelekezo ambayo hakuwahi kuisoma zaidi ya zile idadi, maana yeye alichotaka ni idadi tu. Chini ya mchoro wa pete paliandikwa: waya ukipita ndani ya tundu mara moja, hiyo ni raundi ya kwanza.

Akatwaa lenzi ya mumewe na ncha ya sindano, akahesabu koili kubwa. Thelathini na moja. Akahesabu tena, si kwa kuwa alijitilia shaka, ila kuipa koili nafasi ya kujirekebisha. Thelathini na moja. Ile ndogo ya raundi saba ilikuwa na nane. Miaka thelathini na miwili hakuna kijiko kilichopotea, na sasa kila pete imezidi raundi moja, masafa yote yameshuka, na mzee wa watu yuko juu ya ngazi anatoa jasho.

Alilojua anapaswa kufanya ni kutoka nje na kusema, "Mume wangu, nimekosea." Akalijaribu kimoyomoyo. Mara ya kwanza lilitoka "umekosea." Mara ya pili likatoka "tumekosea," akaona hapo amejitahidi vya kutosha.

"Nitazirekebisha mwenyewe," akaamua. "Zikiwa sawa, nani atauliza?"

Alasiri hiyo alikwenda kwa fundi cherehani kuchukua suruali ya mumewe ya siku ya ukaguzi. Aliporudi alimkuta mzee anapiga mbinja.

"Una nini?"

"Sina kitu. Mtu hawezi kupiga mbinja kwake?"

"Hujapiga mbinja tangu mtambo ulipofeli mara ya kwanza."

"Basi zilikuwa zimelimbikizana."

Mama Sahihi alimtazama kwa huruma. Akajua majonzi yameanza kumpanda kichwani, na akazidi kujipa moyo kwa mpango wake.

Jumatano asubuhi alifagia nyumba nzima kwa ajili ya mgeni, na gari la taka likapita likabeba uchafu wote. Saa nne fundi saa akaenda kinyozi. Kinyozi yule alikuwa mtu wa maneno mengi, hivyo walikuwa na saa moja na nusu. Mkwe aliwekwa dirishani na mtoto mgongoni.

"Akitokea, kohoa."

"Mama, kwani tunafanya nini?"

"Usafi."

Miezi kumi na minne ya kula akitazama karakana haikupotea bure. Mama Sahihi aliichomeka pasi ya kulehemu, akangoja ipate moto, akaitoa koili ya kwanza kama mtu anayeng'oa jino la mtoto. Akafumua raundi moja, akakwangua rangi ya waya kwa wembe, akalehemu. Kisha, kwa kuwa hapendi nyuzi zinazoning'inia, akakata ncha zote kabisa. Koili ya pili ilimuunguza kidole. Ya tatu ilikiunguza kitambaa cha meza, akageuza upande. Ya nne ilianguka chini ya kabati, ikabidi mkwe aache lindo na kulala kifudifudi, mtoto akicheka juu ya mgongo wake kama anaendesha farasi. Ya tano na ya sita zilikwenda vizuri.

Mkwe alikohoa.

"Anakuja?"

"Hapana, mama. Ni moshi."

Mzee aliporudi, ndevu zimechongwa kama ukingo wa bustani, kila kitu kilikuwa mahali pake na Mama Sahihi alikuwa anafuma kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Hakuna aliyeuliza kitu. Usiku huo wote wawili walilala usingizi mzuri.

Alhamisi saa nane kamili mkaguzi alibisha hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mkoba mweusi na uso wa mtu asiyejua kubembelezeka. Alivua viatu mlangoni, akaamkia vizuri, akakataa chai, akaunganisha mita yake. Fundi saa alisimama nyuma ya mtambo akiwa na tabasamu la mtu anayejua jambo. Mama Sahihi alisimama pembeni yake na tabasamu la namna hiyo hiyo.

"Saba nukta tatu nne," alisoma mkaguzi.

Matabasamu yote mawili yalifutika kwa pamoja.

"Haiwezekani," alisema fundi saa. "Soma tena."

"Nimesoma, mzee. Nje ya masafa. Safari hii umepitiliza kwa juu."

"Lakini Jumanne ilikuwa saba nukta moja!"

"Jumanne?" alidakia Mama Sahihi. "Jumanne ilikuwa chini ya saba, kama siku zote."

"Jumanne asubuhi. Jumanne alasiri, ulipokwenda kunichukulia suruali, niliirekebisha. Nilibadilisha kapasita, vile vidude vinavyopanga masafa pamoja na koili. Ikakaa saba nukta moja, tuli, kama saa ya ukutani."

"Kapasita zilikuwa na kosa gani?"

"Hazikuwa na kosa."

"Sasa ulizibadilishia nini?"

Fundi saa alitazama dari. Dari haikumsaidia. "Kwa sababu," alisema taratibu, "koili zina raundi moja moja zaidi."

Mkwe alimbeba mtoto ambaye hakuwa analia, akasogea karibu na mlango.

"Ulizihesabu," alisema Mama Sahihi.

"Sikuzihesabu! Naapa sikuzihesabu. Nilipiga hesabu kwa penseli, Jumanne mchana, niliposhuka kwenye ngazi. Masafa yakishuka kiasi kile, koili imezidi raundi moja. Ni namba zilizosema, si mimi."

"Jumanne ulijua, na hukuniambia."

"Nikwambie wewe? Nyumba hii ina mlango mmoja tu wa kukimbilia, mke wangu, na wewe hukaa karibu nao."

Mkaguzi aliinua kalamu. "Samahani, wazazi wangu. Niandike nini?"

"Subiri, binti," walisema wote wawili.

Mama Sahihi alinyoosha gauni lake kama mtu anayeingia kutoa ripoti ya mwaka. Kwenye shavu la mumewe aliona kinyozi amemkata kidogo. Mzee amejipamba hivi, akaharibu kapasita nzima nzima, badala ya kumwambia mkewe neno moja.

"Nimekosea," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata mtoto akageuka. "Nilizidisha raundi. Niligundua Jumanne. Jana, ulipokwenda kinyozi, nikazipunguza."

"Ukazipunguza?"

"Zote sita."

Fundi saa aliketi. Mabega yakaanza kutikisika kuliko hata mikono, na ilichukua muda kutambua kwamba anacheka. "Kosa moja," alisema, "tumelirekebisha mara mbili."

Mkaguzi, ambaye hakuruhusiwa kushauri, alilitazama dirisha na kuliambia, "Mtu angeweza kurudisha zile kapasita za zamani."

"Ziko hapa sakafuni, niliziweka kwenye..." Fundi saa aliinama. Sakafu ilikuwa inang'aa. Akainuka polepole. "Mke wangu. Vidude vyekundu vyenye miguu miwili."

"Nilidhani ni wadudu waliokufa," alisema Mama Sahihi. "Gari la taka limepita jana."

Mkaguzi akatazama saa yake. Akawaeleza kwamba fomu ikishafunguliwa haiahirishwi. Yeye anaweza kukaa hadi saa kumi, mwisho wa kazi. Akivuka mlango ule kabla mtambo haujawa ndani ya masafa, nafasi ya tatu imekwisha. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Waya umebaki?" aliuliza Mama Sahihi akiwa tayari anakunja mikono ya gauni.

"Upo wa kutosha. Koili mpya, zote. Hii kubwa raundi thelathini na moja."

"Karatasi inasema thelathini."

"Karatasi haizijui kapasita nilizoweka."

"Kwa hiyo unataka nikosee makusudi."

"Kosa lile lile, mama. Kama ulivyolifanya mwanzo. Usije ukaliboresha."

Hakuna kazi iliyowahi kumuuma Mama Sahihi kama ile. Kupitisha waya wa thelathini na moja huku akijua ni wa thelathini na moja kulimsumbua kama kutoka nje na kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Alimwamuru mumewe ahesabu kwa sauti. Mzee akasita, akamtazama, akaanza kwa sauti ya chini kama anayeonja maji kwa kidole cha mguu.

"Moja. Mbili."

"Paza sauti, na huyu binti asikie."

Kwenye kumi na saba wakagombana kama ni kumi na saba au kumi na nane. Mkwe akaulizwa. Mkwe akasema yeye hayumo. Wakaanza upya. Kulehemu alilehemu yeye, mumewe akielekeza, "kushoto, kushoto yako, mbona unaipaka kama siagi," naye akijibu, "shika basi wewe," na kwa kuwa mzee hakuweza kushika, aliitazama mikono yake, naye mkewe akaongeza haraka, "au niambie nianzie wapi." Taa ya mezani ilikuwa fupi. Mkaguzi aliinyanyua na kuwamulikia, huku uso ameugeuzia ukutani, kana kwamba mkono ule wenye taa ni wa mtu mwingine.

Saa kumi kasoro dakika nane koili ya sita ilikaa. Mzee akawasha. Mkaguzi akaunganisha mita, akainama, akaigonga kioo kwa ukucha.

"Saba nukta sifuri tisa."

Akaandika. Akageuza ukurasa, akaandika tena, kwa ule utulivu wa watu wa ofisi ambao ni adhabu tosha. Akapiga muhuri.

"Umepita, mzee. Hongera."

Fundi saa alisema asante mara nne. Mama Sahihi alijifuta uso kwa kitambaa cha kidole chake.

"Jambo moja," alisema mkaguzi akifunga mkoba. "Hapo anaongea mwenye leseni peke yake. Sauti ya mwingine yeyote ikisikika hewani, hata ya mama, nikaisikia mimi, hiyo leseni naichukua hii leo. Nisije nikalaumiwa." Akaaga, akaenda mlangoni kuvaa viatu.

Mzee hakuweza kungoja aondoke. Alishika kipaza sauti, akabonyeza kitufe, akataja namba yake ya wito, ile iliyokuja na leseni, akaachia. Spika ilitoa mvumo wa mafuta kikaangoni. Akaita tena. Mvumo. Akaita mara ya tatu, taratibu zaidi, na safari hii ndani ya mvumo ule ikatoka sauti ya mtu, ya mwanamume, ya karibu kama vile amekaa nao hapo mezani.

"Nimekupata vizuri kabisa. Mimi nipo mlimani huku, kwenye kituo cha hali ya hewa, wiki ya tatu sijaongea na mtu. Wewe ni mgeni, namba yako siijui. Karibu sana. Nipe habari za huko."

Fundi saa akabonyeza kitufe. Alikuwa amengoja miezi kumi na minne kuulizwa habari za huko. Mdomo ulifunguka. Haukutoa kitu. Alitazama kipaza sauti, akamtazama mkewe, akatazama tena kipaza sauti, kidole kikiwa kimeganda pale pale juu ya kitufe.

"Sema kitu, mume wangu!" Mama Sahihi alimaka. "Mwenzio anasubiri!"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Kidole cha mzee kikaruka kutoka kwenye kitufe kama kimeungua.

"Nasubiri, mama," ilijibu spika kwa furaha. "Msimharakishe. Mimi sina pa kwenda."

Wote watatu wakageuka mlangoni. Mkaguzi alikuwa ameinama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Alikivaa. Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga upya, kwa uangalifu mkubwa.

"Mimi," alisema bila kuinua kichwa, "nilishatoka zamani."